Barabara ya Newala na Swali la Mzee Aliyeiona Treni

Mwezi uliopita nilipanda Kosta pale stendi ya Masasi kwenda Newala. Ni safari ya kilomita zipatazo 70 ambayo nimeifanya tangu utotoni, mara kwa lori la mizigo, mara kwa Landrova ya mishonari, na siku moja nisiyoisahau, kwa baiskeli ya kuazima. Safari hii magreda yalikuwa kazini. Udongo mwekundu ulikuwa umechimbuliwa pande zote mbili, na vijana waliovaa fulana za kung'aa walitusimamisha kwa bendera nyekundu kwa karibu nusu saa. Hakuna abiria aliyenuna. Mtu wa Newala aliyekula vumbi la njia hii maisha yake yote hawezi kukasirika akizuiwa na watu wanaomjengea lami. Mama mmoja nyuma yangu alipiga hata kigelegele.

Mzee niliyekaa naye kiti kimoja hakushangilia. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia ninafundisha chuo kikuu. Akaivua kofia yake, akaipangusa vumbi taratibu, kisha akasema, "Basi wewe umesoma, mwanangu, niambie. Treni ilipokuja Masasi mimi nilikuwa mtoto. Watu walishangilia hivihivi. Ilipoondoka haikumuaga mtu. Na hii lami, imekuja kuchukua nini?"

Nilimjibu kama tunavyojibu sisi wahadhiri: fursa, masoko, huduma za jamii, kuunganisha ukanda. Alinisikiliza kwa adabu iliyoniumiza kuliko kama angenikatiza. Tangu siku ile sijaacha kulifikiria swali lake, na makala haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Wanafunzi wangu wengi hushangaa wanaposikia kwamba Kusini kuliwahi kuwa na reli. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, iliazimia kulima karanga Tanganyika kwa ukubwa usio na mfano. Maeneo matatu yalichaguliwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini zilihitajika reli na bandari, navyo vikaanza kujengwa kabla karanga zenyewe hazijathibitisha kwamba zingekubali ardhi ile. Hazikukubali. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Lakini reli ilikuwa imekwisha kuanza safari yake. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, na kabla muongo huo haujaisha tawi la reli lilikuwa limefika Masasi. Hiyo ndiyo treni aliyoishangilia mzee wangu akiwa mtoto.

Haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, serikali yenye hazina nyembamba iliifunga kwa sababu haikuwa na mzigo wa kutosha, na reli zikang'olewa. Miaka michache baadaye, kati ya 1970 na 1975, taifa hilohilo lilijenga TAZARA kwa msaada wa China. Siwalaumu waliofanya uamuzi huo. Kwa hesabu za shirika la reli, njia inayotembeza mabehewa matupu ni hasara. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba reli ile ilichorwa kwa ajili ya zao moja, na zao lilipokufa hakukuwa na mtu mezani aliyeweza kusema inamhudumia nani mwingine. Mkulima wa Umakondeni hakuwa ameingizwa kwenye hesabu wakati wa kuijenga, hivyo hakuingizwa wakati wa kuing'oa.

Tena kuna usafiri mwingine ambao haukuwahi kuingia kwenye hesabu yoyote, nao ulikuwa mkubwa kuliko wa reli. Ninazungumzia maji. Asiyewahi kufika Newala ajue kwamba mji ule uko ukingoni mwa uwanda wa juu, mahali ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde lote hadi upande wa Mto Ruvuma. Juu ya uwanda mchanga hunyonya mvua yote. Mito na chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde waliteremka usiku wa manane na kupanda asubuhi wakiwa na mtungi, baadaye ndoo, kichwani. Karl Weule, Mjerumani mtafiti wa mila aliyefika Newala mwaka 1906 kwa miguu akiwa na msafara wa wapagazi kutoka Lindi, aliona tofauti kati ya juu na chini ikitawala maisha ya watu. Miradi ya kusukuma maji kwa pampu ilianza miaka ya 1950 na imepunguza taabu hiyo, ingawa mabomba yanapokauka, na hukauka, ndoo hurudi kichwani. Bibi yangu alibeba maji kwa zaidi ya miaka 40. Ukizidisha lita kwa kilomita kama wafanyavyo wahandisi wa usafirishaji, mwanamke yule mmoja alisafirisha tani nyingi sana. Hakuna mpango wa maendeleo uliowahi kuliita jambo hilo usafirishaji.

Nasema hivi kwa sababu tunapozungumza habari za "mapinduzi ya usafiri" huwa tunaanza na injini. Kusini ilijengwa kwa miguu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetuachia sarufi ya Kiswahili, alitembea kutoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akitaka kuwarudisha nyumbani upande wa Ziwa Nyasa. Walifika chini ya milima ya mawe ya Masasi, wakapapenda, wakabaki. Mji huu ambao leo una stendi yenye mabasi ya Dar es Salaam, Songea, Nachingwea na Mtwara ulianza kama mahali ambapo watu waliochoka kutembea waliketi.

Na watu wa huku hawakuacha kusafiri. Wakati wa mkoloni vijana walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Baada ya miaka ya 1980 walikwenda Kariakoo na mitumba mabegani, hata jina la Wamachinga, watu wa Kusini, likawa jina la kila mchuuzi wa barabarani nchini. Ninapowasikia wanasiasa wakilitamka neno "machinga" bila kujua kwamba ni jina la watu na mahali, hujiuliza kama wamewahi kuwaza kwa nini kijana wa Kusini aliona heri kutembeza bidhaa juani jijini kuliko kubaki kwenye mikorosho ya baba yake.

Sehemu ya jibu iko kwenye umbali. Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba mwaka 1973/74 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 140,000 za korosho, na katikati ya miaka ya 1980 tukashuka chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, bei duni ilichangia. Lakini muulize mzee yeyote wa Newala au Tandahimba, atakutajia Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa na kupangwa kando ya barabara ili wafikiwe na shule, zahanati na gari la chama. Mikorosho haikuhama. Mtu aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia shambani alijikuta akitembea saa mbili kwenda kupalilia, na mkorosho usiopaliliwa humezwa na pori. Tulimsogeza mkulima karibu na barabara, tukamtenga na shamba lake. Nia haikuwa mbaya, nami nilisoma katika shule iliyozaliwa na operesheni hiyo, kwa hiyo siwezi kuizungumzia kama mtu wa nje. Lakini huo ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa serikali kudhani kwamba barabara ni mahali pa kuishi.

Kuhusu njia ya kwenda Dar es Salaam sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu wa Kusini aliyevuka miaka 40 ana hadithi yake ya Ndundu. Mimi yangu ni ya mwaka wa kwanza chuoni: siku tatu kwenye foleni ya pantoni, Rufiji imefurika, tunakula mihogo ya kuchoma na kulala chini ya basi. Nilifika chuoni wenzangu wamekwisha gawana vyumba. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na lilipewa jina la mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyekuwa rais wakati huo. Hata hivyo kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilibaki tope kwa zaidi ya miaka kumi baada ya daraja. Leo anayeondoka Masasi alfajiri hufika jijini kabla ya usiku kuingia. Ni badiliko kubwa mno, na yeyote anayelibeza hakulala Ndundu.

Badiliko hilo linaonekana sokoni. Nilipokuwa mdogo samaki tuliyemfahamu Newala alikuwa ng'onda, mkavu kama ubao. Sasa samaki wa Mtwara hupanda akiwa kwenye barafu. Tangu lami ya Mangaka na Tunduru ikamilike, viazi vya Njombe huingia Masasi kwa njia ya Songea, na akina mama wanaouza ming'oko stendi wana wateja wanaokwenda mikoa ambayo wazazi wetu waliisikia redioni tu. Kwenye Mto Ruvuma, pale Mtambaswala, Daraja la Umoja la mita 720 lililozinduliwa mwaka 2010 linatuunganisha na ndugu zetu wa Msumbiji, ingawa vita vya Cabo Delgado vimelifanya liwe tulivu kuliko ilivyotarajiwa. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara kuu maeneo ya Somanga, tulikumbushwa kwa siku kadhaa kwamba mkoa mzima ulikuwa umening'inia kwenye uzi mmoja.

Sasa turudi kwenye lami ya mzee wangu. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210. Kipande cha kwanza, kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilitangulia. Kilomita 160 zilizobaki, zinazopita Tandahimba na Newala, mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2023 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Soma maelezo yoyote ya mradi huu utakuta neno korosho kabla hujamaliza aya ya pili. Ni haki, kwa sababu korosho ndiyo uchumi wetu. Lakini neno hilo linanipa wasiwasi uleule wa karanga. Barabara inayohalalishwa kwa zao moja hupimwa kwa mwendo wa malori ya zao hilo, na tani zikifika bandarini upesi, mradi huhesabiwa kuwa umefanikiwa.

Kwa mkulima, kipimo ni karatasi ya malipo. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka korosho zake kwenye ghala la chama chake cha msingi, AMCOS, kisha husafirishwa hadi ghala kuu ambako hunadiwa. Bei inayotangazwa mnadani, ile tunayoisikia redioni na kuishangilia, si bei inayomfikia. Kabla ya fedha kuingia benki hukatwa ushuru, tozo za vyama, gharama za ghala, magunia, na usafirishaji. Mnunuzi kutoka nje anakuta korosho zimekwisha kusafiri. Umbali hulipwa na mwenye shamba. Kila korongo, kila kilima chenye mchanga ambacho lori huteleza, kimo ndani ya makato yale kama shilingi kadhaa kwa kilo.

Hapa ndipo ninapoona swali la kisiasa ambalo sijasikia mbunge, diwani wala kiongozi wa ushirika akilitamka. Lami ikikamilika, gharama ya lori kutoka Newala kwenda ghala kuu au bandarini itapungua: matairi yatadumu, mafuta yatapungua, safari zitaongezeka kwa siku. Je, makato ya usafirishaji kwa kilo yatashuka? Hakuna kanuni ya maumbile inayosema yatashuka. Mwenye lori anaweza kuendelea kulipwa bei ya vumbi huku akipita kwenye lami, na nafuu yote iliyonunuliwa kwa mkopo tutakaoulipa sisi na watoto wetu ikabaki mfukoni mwake. Mikataba ya usafirishaji korosho hufungwa kila msimu. Ninapendekeza kwamba TANECU na MAMCU wabandike kwenye kila ghala la AMCOS gharama ya usafirishaji kwa kilo ya msimu uliotangulia na ya msimu huu, ukutani, kwa maandishi makubwa. Karatasi moja tu. Watumishi wa halmashauri mnaosoma hapa, jambo hili haliwahitaji kusubiri bajeti.

Rafiki yangu mchumi, ambaye tumebishana naye kwa miaka mingi, ananiambia ninachelewesha furaha ya watu. Kwa maoni yake ushindani wa wenye malori utashusha bei wenyewe, na lami italeta kiwanda bila mtu kukiita. Kuhusu ushindani, huenda akawa sahihi pale ambapo wenye malori ni wengi na zabuni ni wazi. Kuhusu viwanda, historia iko upande wangu. Nchi hii ilijenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua korosho katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kikiwemo cha Masasi na vya Newala. Vingi vilikaa kimya, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri kwenda India na Vietnam. Jengo lililokusudiwa kubakiza kazi hapa likawa mahali pa kusubiria lori. Barabara nzuri hurahisisha kuleta mashine, na hurahisisha vilevile kuondoa korosho ghafi. Ni sera, si lami, inayoamua lipi kati ya hayo litatokea.

Nimebakiza jambo ambalo sikumweleza mzee, na ambalo ni gumu kwangu. Mwaka 1984 mama yangu mdogo alishikwa na uchungu wa kuzaa katika kijiji cha bondeni, upande wa Ruvuma. Wanaume wanne walimbeba kwa machela, wakipokezana kupanda mteremko. Nilikuwa nimeshika taa ya chemli mbele yao, mtoto wa miaka tisa, nikiambiwa nisikimbie. Tulifika hospitali jua limepanda. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Siku hizi machela imekuwa bodaboda. Baada ya sheria kuruhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara, kama miaka 15 iliyopita, na baada ya pikipiki za bei nafuu kutoka China kujaa, vijana wa Newala na Masasi wamenunua kwa fedha za korosho kile ambacho serikali haikuweza kuwapa: chombo kinachofika mlangoni. Najua habari za ajali na za wodi za mifupa, na sitaki kuzipuuza. Hata hivyo mjamzito wa leo hupelekwa kituo cha afya kwa mshikaki, katikati ya dereva na mama yake mzazi, na mara nyingi hufika. Hafiki wakati wa masika, njia ya kijiji inapokuwa korongo. Njia hiyo haimo katika kilomita 210. Iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na kila mhandisi wake wa wilaya niliyewahi kuzungumza naye aliniambia jambo lilelile kwa sauti ya chini, kwamba orodha ya njia ni ndefu na fedha ni za kuchagua chache.

Kwa hiyo ningeomba kwamba siku lami hii itakapozinduliwa, kwa ngoma za sindimba na hotuba, pasomwe pia orodha ya njia zinazoingia kwenye lami kutoka vijijini, zipi zinapitika mwaka mzima na zipi hazipitiki. Wanaharakati mnaoandika risala, ombeni orodha hiyo sasa. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya tasnifu wasiende mbali: hesabuni njia hizo, hesabuni na makato.

Mzee aliteremka kabla ya Newala, kwenye njia panda ambako mjukuu wake alikuwa akimsubiri na baiskeli. Walifunga mfuko wa salfa kwenye kariya, wakaanza kuisukuma kwenye mchanga, mmoja huku, mwingine kule. Kabla hajaondoka tulipeana namba za simu. Minada inaanza Oktoba. Nimemwomba asitupe karatasi yake ya malipo ya mwaka jana, na nimemwahidi kwamba mpya ikitoka nitakwenda tuzisome pamoja, mstari wa usafirishaji kwanza.